Kopepodi gani ununue? Kwanza niambie nani atakayewala

Mandarini wangu wa kwanza, samaki mdogo wa tangi la maji ya chumvi, alikufa njaa huku namlisha. Nikimwaga chakula cha pakiti wenzake wanagombania, yeye kimya, anadonoa mawe tu. Nikanunua chupa ya kopepodi, vijidudu vya majini vya jamii ya kamba, wale wekundu wanaoonekana kwa macho, nikaimwaga yote saa sita mchana, taa zinawaka, pampu zinazunguka. Nusu saa haikufika, samaki wengine wamewamaliza. Wiki tatu baadaye tumbo la mandarini lilikuwa limeingia ndani kama mfuko mtupu.

Tangu hapo, mtu wa hapa Arusha akiniuliza achukue kopepodi gani, namuuliza nani atakayewala.

Kama ni mandarini au samaki yeyote wa kudonoa mawe, chukua kopepodi aitwaye Tisbe. Hana sura ya kumvutia mteja: mdogo, rangi hafifu, kwenye chupa utadhani vumbi. Lakini anatambaa, anaingia kwenye nyufa za mawe na kuzaliana humo, na joto la tangi la matumbawe, nyuzi 25 au 26, linamfaa. Mandarini anakula wanaotokeza nje, waliojificha wanaendelea kuzaa. Hicho ndicho nilichokikosa.

Wale wekundu ni Tigriopus californicus. Kwao ni kwenye vidimbwi vya miamba, pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Jua likiwaka dimbwi linapata moto na chumvi inapanda, mvua ikinyesha chumvi inashuka, nao wanavumilia yote. Wekundu wao ni wa ukoo mmoja na rangi inayowapa flamingo wa maziwa ya Momela ule uwaridi. Tatizo wanaogelea hadharani kwa kurukaruka, ni kama kujitangaza. Wachukue kama kitafunwa, na kwa kuwafuga kwenye ndoo. Mwezi wa saba stoo yangu ya Njiro inakuwa baridi hadi naingia na sweta, wao hawana habari.

Apocyclops yuko katikati, anaogelea na kutambaa. Jike lake utalijua kwa vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande. Tisbe na Tigriopus wanabeba kimoja. Parvocalanus anaishi majini juu maisha yake yote, na watoto wake ni wadogo kiasi cha kuliwa na samaki walioanguliwa juzi. Kama hulei vifaranga vya samaki, mwache. Anataka mwani hai kila siku na safari inamuua haraka.

Maana safari ndiyo mtihani wetu sisi wa huku juu. Wangu natumiwa na jamaa yangu wa Dar kwa basi. Namsihi asijaze chupa hadi mdomoni, abakize hewa, aifunge kwa magazeti, na kondakta aiweke ndani, si kwenye buti. Chupa ikifika, naingia nayo gizani, naweka tochi upande mmoja, nasubiri dakika tano. Wazima utawaona wakijongea, Tigriopus hasa wanaukimbilia mwanga. Wafu wamelala chini kama unga. Kisha fungua unuse: harufu ya bahari sawa, ya yai bovu usiimwage kwenye tangi hata tone. Na muulize muuzaji kama maji yake yamewahi kutiwa dawa ya shaba. Shaba inatibu samaki, lakini kopepodi inawaua, na matumbawe pia.

Usiwamwage wote. Robo ya chupa iende kwenye ndoo ya lita 10 yenye maji ya chumvi kama ya tangi, mrija wa hewa ukitoa povu polepole, na maji ya mwani kidogo, yawe ya kijani hafifu tu. Ukiyafanya mazito kama mlenda yanaoza. Chumvi koroga kwa maji yaliyopita kwenye mtambo wa RO, ule wa kuchuja maji. Maji ya miteremko ya Meru yana floridi, meno yetu ni mashahidi.

Waliobaki, iache chupa yao ielee tangini mpaka joto lilingane. Wape tangi usiku, taa zimezimwa, pampu na kichuja povu vimepumzika saa moja, uwashushe kwa mrija karibu na mawe. Umeme ukikatika usiku huo, kwa mara moja utakuwa umekusaidia.

Mandarini mwenyewe asubiri miezi miwili, mitatu. Saa mbili baada ya taa kuzimwa, mulika kioo cha pembeni kwa tochi. Ukiona vidoti vyeupe vinatambaa bila kuvitafuta, nenda kamnunue. Ukilazimika kukodoa macho, ongeza chupa nyingine ya Tisbe, umwache samaki dukani.