Mlima asubuhi, maua mawingu yakifunga

Mnaopiga picha milimani, kilele kimalizeni asubuhi mapema, jua likishapasha miteremko hewa yenye unyevu inapanda inageuka mawingu na hapo huoni kitu. Kama kuna theluji ongeza mwanga kidogo kwenye kamera la sivyo inatoka ya kijivu. Mawingu yakishafunga wengi wanarudisha kamera kwenye begi, ila mi naona ndo muda mtamu wa maua, mwanga unakuwa laini hauna vivuli vikali, we piga magoti tu lenzi iwe usawa wa ua (usikanyage mengine, mimea ya juu huko inakua taratibu sana). Mnyama mlenge jichoni, akiacha kula akakukodolea macho ushamsogelea mno, rudi nyuma. Na betri ya akiba ikae ndani ya jaketi, baridi inaimaliza chap.