Kujiandaa kwa Mafunzo na Mtihani wa Opereta wa Kreni Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, wengi wanaotafuta cheti cha uopereta wa kreni huwa wamekwisha kushika mipini ya mtambo kabla ya kuingia darasani. Wapo walioanza wakiwa utingo wa lori lenye kreni mgongoni, wapo waliofundishwa na fundi mkongwe kwenye yadi za mbao za Mafinga, na wapo waliokuwa katika vikosi vya kunyanyua malori yaliyopinduka kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, kuanzia mteremko wa Kitonga hadi Tunduma. Uzoefu huo una thamani kubwa na mwongozo huu haukusudii kuudharau. Hata hivyo mtihani haupimi wepesi wa mikono peke yake. Unapima kama opereta anajua uzito wa kitu kabla hajakiinua, kama anaweza kusoma jedwali la uwezo wa mtambo, na kama yuko tayari kukataa kuinua pale hesabu inapokataa. Sehemu kubwa ya maandalizi inapaswa kuelekezwa huko.

Anza kwa kuamua unataka kuendesha kreni ya aina gani, kwa kuwa cheti cha aina moja hakimfanyi mtu kuwa opereta wa zote. Kreni ya magurudumu inayosafiri barabarani, kreni fupi iliyofungwa kwenye lori la mizigo, kreni ya mnara ya majengo marefu na kreni ya juu inayotembea kwenye reli ndani ya kiwanda zina tabia tofauti na mitihani tofauti. Kwa mazingira yetu, mtu asiye na mwajiri bado ningemshauri aanze na kreni ya kwenye lori, kwa sababu ndiyo inayopakia nguzo za umeme, matangi ya maji, nondo na mashine za kukobolea kila siku, kisha apande kwenda kreni kubwa ya magurudumu.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo Mbeya na Iringa, na huko ndiko pa kuuliza kwanza. Aliyejifunzia kazini aulize pia kuhusu utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kwa kuwa unaweza kumwokoa na gharama ya kurudia anachokijua. Kabla ya kulipa ada mahali popote, uliza kreni ipi hasa ipo chuoni, kila mwanafunzi hukaa kwenye kiti cha opereta kwa saa ngapi, na cheti kinatolewa kwa jina la nani. Mafunzo ya kreni yasiyo na kreni ni ya kuepuka hata kama ada yake ni ndogo. Ikiwa tangazo la kazi linataka cheti cha kimataifa, fahamu kwamba vyeti hivyo vina ukomo: kile cha NCCCO, taasisi ya Marekani inayotahini maopereta wa kreni, kwa mfano, hudumu miaka 5, kisha mwenye nacho hulazimika kukihuisha. Kumbuka pia kwamba cheti cha uopereta hakichukui nafasi ya leseni ya udereva ya daraja linalostahili, kwa sababu kreni inayotembea barabarani ni chombo cha moto kama vingine.

Afya ipimwe mapema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Kwa opereta, macho ndiyo ya kwanza, hasa uwezo wa kukadiria umbali, kisha masikio na magonjwa yanayoweza kumpotezea mtu fahamu ghafla.

Hesabu na jedwali la uwezo

Uzito wa mzigo haukadiriwi kwa macho. Ukipewa hati ya mzigo, soma uzito ulioandikwa. Usipopewa, pima na ukokotoe. Mita moja ya ujazo ya maji ina tani 1, ya zege ina takribani tani 2.4, na ya chuma takribani tani 7.85. Namba hizi tatu zikae kichwani. Kwa mfano, boriti ya zege yenye urefu wa mita 3, upana wa mita 0.5 na kimo cha mita 0.8 ina mita za ujazo 1.2, ambazo zikizidishwa kwa 2.4 zinatoa tani 2.88. Huo bado sio uzito ambao kreni itaubeba. Ongeza uzito wa ndoano na kapi zake, minyororo au mikanda ya kufungia, na pingu za chuma. Tuseme hivyo vyote vina tani 0.32, sasa mzigo halisi ni tani 3.2.

Fungua jedwali la mtambo. Jedwali husomwa kwa vitu viwili vinavyokutana: urefu wa bumu, yaani mkono mrefu wa kreni unaobeba ndoano, na rediasi, yaani umbali wa mlalo kutoka katikati ya mhimili ambao kreni huzungukia hadi katikati ya ndoano. Wanafunzi wengi hupima kutoka kwenye tairi au kwenye kibanda cha opereta, na hapo jibu lote linaharibika. Tuseme jedwali linakupa tani 4.1 kwa mita 8 na tani 3.1 kwa mita 10, na mzigo wako uko mita 9. Mtahiniwa asiyeandaliwa huchukua wastani na kupata tani 3.6, kisha huinua. Jibu sahihi ni kutumia namba ya rediasi kubwa inayofuata, yaani tani 3.1, na kwa kuwa mzigo ni tani 3.2, kazi haifanyiki mpaka kreni isogezwe karibu. Fanya maswali ya namna hii mengi, ukibadilisha urefu wa bumu, upande wa kreni ambao mzigo upo na jinsi miguu ya kuegemea ya kreni ilivyotandazwa, mpaka uache kutafuta njia ya mkato. Kumbuka pia kwamba bumu hujipinda kidogo mzigo unapoondoka chini, na kupinda huko huongeza rediasi. Mzigo uliokuwa sawa ukiwa juu ya ardhi unaweza kuwa mzito mno ukiwa hewani.

Katika majedwali mengi kuna mstari mnene unaogawa namba. Upande mmoja uwezo umewekewa kikomo na nguvu ya vyuma vyenyewe, upande mwingine na hatari ya kreni kupinduka. Opereta anayesubiri kuhisi miguu ya nyuma ikinyanyuka ndipo ajue amezidisha, anaweza kuvunja bumu bila kuhisi chochote kabla. Tabia hiyo ya kupima uzito kwa makalio imezoeleka mno na inapaswa kuachwa kabisa, mtihani uwepo au usiwepo.

Pembe ya mikanda nayo huulizwa mara kwa mara. Boriti yetu ya tani 2.88 ikifungwa kwa mikanda miwili yenye pembe ya nyuzi 60 kutoka mlalo, kila mkanda unabeba takribani tani 1.66. Kwa nyuzi 45 kila mmoja unabeba tani 2.04, na kwa nyuzi 30 kila mmoja unabeba tani 2.88, yaani sawa na uzito wote wa boriti. Kwa hiyo mikanda mifupi iliyolala ni hatari kuliko mirefu iliyosimama, ingawa kwa macho huonekana imeshika vizuri. Soma kwanza kama swali linapima pembe kutoka mlalo au kutoka wima.

Ardhi, upepo na nyaya za umeme

Majedwali huandikwa kwa kreni iliyosimama sawa, kwa kawaida ndani ya mwinuko usiozidi asilimia 1, na juu ya ardhi imara. Hapa kwetu sharti hilo halipatikani bila jasho. Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe unaweza kuonekana mgumu asubuhi na kumeza mguu wa kreni jioni baada ya mvua, na mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au zaidi. Hesabu yake ni rahisi: mguu unaobeba tani 20 juu ya sahani ya sentimita 50 kwa 50 unakandamiza ardhi kwa tani 80 kwa kila mita ya mraba. Ukiweka chini yake jukwaa imara la mbao nene lenye mita 1.2 kwa 1.2, mkandamizo unashuka hadi takribani tani 14. Kipande cha ubao chembamba kinachojikunja hakisambazi uzito, kinapasuka tu. Ukiwa karibu na mtaro au shimo la msingi, kaa mbali kwa umbali usiopungua kina chake, na zaidi ya hapo kama udongo ni tifutifu.

Upepo wa Makambako unajulikana na kila anayepita njia panda ile. Nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa maana kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo juu ya mzigo unakuwa mara nne. Mabati, paneli na matangi matupu ni mepesi kwenye jedwali lakini hushika upepo kama tanga. Kikomo cha kasi kimeandikwa kwenye kitabu cha mtambo, na upepo hupimwa kwenye ncha ya bumu, kwa kuwa chini huwa umetulia kuliko juu. Kwa ukungu wa Mufindi na Njombe kanuni ni fupi: usipomwona mtoa ishara, simama.

Nyaya za umeme zinahitaji heshima ya pekee. Viwango vya Marekani hutaka umbali usiopungua mita 3 kwa nyaya za hadi kilovolti 50, na mita 6 hivi kwa zile za kilovolti 220 kama zinazotoka Iringa kuja Mbeya. Umbali huo ni wa sehemu yoyote ya kreni, kamba au mzigo. Palipo na shaka, TANESCO iombwe kuzima laini kabla ya kazi. Bumu ikigusa waya, opereta hubaki ndani, huwazuia watu wasisogee, na hujaribu kuiondoa bumu pole pole. Akilazimika kutoka kwa sababu ya moto, huruka mbali miguu ikiwa pamoja, bila kugusa mtambo na ardhi kwa wakati mmoja, kisha husogea kwa hatua ndogo za kuburuza.

Mazoezi ya vitendo

Waliotoka kwenye kazi ya kunyanyua malori wana desturi moja ya kufuta kabla ya mtihani: kuvuta mzigo kwa pembeni. Bumu imeundwa kubeba uzito unaoning'inia wima chini ya ncha yake. Kuburuta mzigo kutoka ubavuni huipinda kwa upande ambao haina nguvu, na kifaa cha kuonya uzito kinaweza kukaa kimya wakati huo wote. Hakikisha ndoano iko wima juu ya kitovu cha uzito, inua sentimita chache, simama, kagua mafungo na miguu, kisha endelea.

Kwa mazoezi, chukua pipa la lita 200, lijaze maji karibu nusu na ulipitishe kati ya nguzo zilizopangwa kwa zigizaga, kwenda na kurudi, bila kuangusha nguzo wala kumwaga maji. Maji yatakuonyesha kila ulipokurupuka. Mzigo ukianza kubembea, usivute mpini kinyume. Subiri ufike mwisho wa mbembeo, kisha ipeleke ncha ya bumu juu yake. Zoezi hili linahitaji utulivu ambao hauji kwa siku moja, na ndilo hutenganisha opereta na mtu anayejua mipini.

Ishara za mkono zifanyie mazoezi pamoja na mwenzako, mkibadilishana nafasi. Kidole kikielekea juu na mkono ukizunguka kidogo ni kuinua mzigo. Kidole kikielekea chini ni kushusha. Mkono ulionyooshwa wenye dole gumba juu ni kupandisha bumu, na dole gumba likiwa chini ni kuishusha, na hapa ndipo wengi huchanganya bumu na mzigo. Mtoa ishara ni mmoja tu kwa wakati, lakini ishara ya kusimama hutiiwa hata ikitoka kwa kibarua anayepita.

Ukaguzi wa asubuhi huwa sehemu ya mtihani wa vitendo, hivyo ufanye kwa sauti, ukitaja unachokitazama. Kipimo kinachotumika sana kwa kamba ya chuma inayokimbia kwenye kapi ni kuiondoa kazini ikiwa na nyuzi 6 zilizokatika katika mzunguko mmoja wa msuko, au 3 katika ukambaa mmoja, yaani mmoja wa misuko midogo inayounda kamba, ndani ya mzunguko huohuo. Angalia ulimi wa ndoano, uvujaji wa mafuta ya haidroliki, na jaribu kifaa kinachozuia ndoano kugonga ncha ya bumu. Omba pia kuonyeshwa hati ya ukaguzi wa mtambo wenyewe.

Siku ya mtihani nenda na viatu vya usalama, kofia ngumu, kikokotoo na kitambulisho. Vitabu vingi vya mitambo vimeandikwa kwa Kiingereza au Kichina, kwa hiyo jifunze mapema alama na maneno yaliyo kwenye jedwali la kreni utakayotahiniwa nayo. Ukiulizwa kuinua mzigo usiojua uzito wake, sema hujui na uombe taarifa. Msahihishaji makini huuliza swali hilo kwa makusudi. Baada ya kufaulu, anzisha daftari la kazi lenye tarehe, aina ya kreni, uzito ulioinuliwa, rediasi na sahihi ya msimamizi, na unapohamia kreni ya muundo mwingine, omba kufundishwa mtambo huo kabla ya kuinua mzigo wa kwanza.