Njia ya miti juu ya kinamasi: jinsi ya kuitengeneza bila kuyaua maji

Kazi hii ni ya kiangazi. Huku kwetu Bukavu, Kongo mashariki, mvua hupungua kuanzia Juni, na ikifika Julai maji ya vinamasi yameshuka kiasi cha kuonyesha ilikopita njia ya zamani. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kadutu, lakini nilizaliwa Kabare, juu, kando ya kinamasi ambacho akina mama hukivuka alfajiri na mizigo ya kabichi na makaa kwenda sokoni. Kila kiangazi napanda kule kwa salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ya njia. Vijana wa vijiji vya jirani wameniuliza tunavyofanya, nami nawaandikia hapa.

Kwanza tafuteni njia ya wazee, msichore yenu. Wazee walipita mahali ambapo udongo mgumu uko karibu, na walipajua kwa miguu yao. Muulizeni mzee aliyekuwa akivusha ng'ombe, kisha mchukue mwanzi mrefu mchome chini kila baada ya hatua mbili. Ukiuchomoa, tazama ncha. Ikiwa nyeusi tupu, bado hujafika. Ikiwa na udongo wa kijivu unaonata, huo ni mfinyanzi: pima kina kwa kidole, weka alama, songa mbele. Mafunjo yaliyosongamana hubeba mtu kwa mizizi yake. Pale penye kuvumwani laini, kijani cha kung'aa, bila jani lolote refu, usikanyage. Chini yake ni maji matupu.

Sasa chota konzi ya ule udongo mweusi, mboji yenyewe, uikamue kwa nguvu. Maji yakitoka kama chai nyepesi na mkononi vikabaki nyuzi za majani na mizizi unayoweza kuitambua, hapo bado pana nguvu, fito za kawaida zitatosha. Yakitoka meusi mazito, na nusu ya udongo ikapenya katikati ya vidole kama ugali usioiva, hapo ni pabaya. Ongeza miti au zunguka. Kipimo hiki cha kukamua kwa ngumi kilipangwa na Msweden Lennart von Post, ambaye aliigawa mboji katika ngazi 10, na wataalamu wanakitumia hadi leo. Hakina gharama yoyote.

Inafaa mjue mnachokikanyaga. Mboji ni majani na mizizi iliyokufa bila kumaliza kuoza, kwa kuwa maji yamezuia hewa kuifikia. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji. Hukua polepole mno, kiasi cha milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo mwanzi ukizama mita 2 umepita katikati ya takriban miaka 2,000. Udongo wa namna hiyo haushindiliwi kama barabara, hata mkimwaga kokoto lori zima. Unachoweza kufanya ni kuutawanya uzito wa mtu.

Namna tunayojengea sisi ni ile ya njia iitwayo Sweet Track, huko Somerset, Uingereza. Mwaka 1970 Ray Sweet, aliyekuwa akisafisha mtaro kwenye machimbo ya mboji, aligonga ubao wa kale. Kwa kusoma pete za miti, zile duara za kila mwaka ndani ya shina, wataalamu wamejua kwamba miti yake ilikatwa majira ya baridi ya mwaka 3807 kuingia 3806 KK. Njia hiyo ilivuka karibu kilomita 2 za kinamasi, ikiunganisha vilima na kisiwa cha nchi kavu. Mimi kama seremala naiheshimu sana kazi ile: bila msumari hata mmoja.

Fanyeni hivi. Lazeni nguzo ndefu juu ya kinamasi, moja ikifuata nyingine, katika mstari wa njia. Kila baada ya hatua moja, pigilieni vigingi viwili vilivyochongwa ncha, kimoja kutoka kushoto na kimoja kutoka kulia, vikiinama hadi vipishane juu ya nguzo. Vikipishana vizuri, juu vitaacha pembe kama ya manati. Hapo ndipo ubao unapokaa. Nguzo iliyo chini inazuia vigingi visizame, na vigingi vinazuia nguzo isiteleze. Toboeni tundu mwishoni mwa kila ubao, mpenyeze kigingi chembamba kilichosimama wima hadi kishike chini. Mbao za Sweet Track, nyingi za mwaloni, zilifika urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 40, na mtu alipita mmoja mmoja. Kwetu tunatumia mkaratusi kwa sababu ndio uliopo. Mmenye magamba, vinginevyo utateleza vibaya sana, na juu ya ubao tunapigilia vipande vya tairi kuukuu. Ila msipande mikaratusi ukingoni mwa kinamasi. Inakunywa maji mno.

Mahali pafupi penye tope tu, sukeni fito za mwanzi kama ukuta wa nyumba ya udongo, mzilaze. Watu wa Somerset nao walisuka hivyo.

Kuna jambo ambalo kila mwaka tunabishana: vijana wanataka njia pana ya pikipiki. Naelewa, mgonjwa akizidiwa usiku pikipiki ni uhai. Lakini fikirieni Corlea, katika kaunti ya Longford, Ireland. Mwaka 148 KK walijenga pale barabara ya mbao nzito za mwaloni, pana ya kupitisha mikokoteni, urefu kama kilomita 1. Haikumaliza hata miaka 10. Ilizama kwa uzito wake yenyewe. Pikipiki izunguke kwa barabara ya kilimani. Kinamasi ni cha miguu.

Na mtu akisema tuchimbe mtaro ili pakauke kwanza, mkatalieni kwa heshima lakini mkatalieni kabisa. Ukiyatoa maji, hewa inaingia, mboji inaanza kuoza na kusinyaa, uwanja unashuka, vigingi vinabaki vimening'inia, na moto wa kuchoma shamba unaweza kuingia ardhini ukawaka chini kwa chini kwa wiki nyingi. Chemchemi za chini nazo zinapungua. Kipande cha Sweet Track kilichobaki ardhini kinatunzwa kwa kupampu maji ili kisikauke. Na nchi yetu ina dhamana kubwa hapa: utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mboji ya Bonde la Kongo, katika Kongo zote mbili, imefunika kilomita za mraba 145,500 hivi na imeshikilia kaboni ya tani bilioni 30 hivi. Vinamasi vyetu vya milimani ni vidogo, lakini kanuni ni ileile.

Kama kinamasi chenu kimo ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, msikate wala msilaze kitu. Nendeni Tshivanga mkaongee na walinzi.

Ikiisha, gawaneni njia kwa vipande, kila kaya na chake. Baada ya mvua kubwa, mwenye kipande apite akigonga vigingi kwa nyundo ya mti. Kinachocheza apigilie kingine kando yake, asikichomoe cha zamani.

Mkikuta chini mti mweusi uliochongwa na mkono wa mtu, msiuanike juani. Ukikauka utapasuka na kusinyaa vibaya. Kando ya Sweet Track walikuta shoka la jiwe la kijani lililotoka milima ya Alpi, na chungu chenye kokwa za mti uitwao hazel, vyote vimehifadhiwa na tope. Urudisheni mti huo palepale, mfunike kwa mboji iliyolowa, mpige kigingi cha alama, kisha mjulishe chifu na watu wa kituo cha utafiti cha Lwiro.