Jinsi ya kuomba na kufanya tathmini ya ndani ya programu ya shahada

Idara ya chuo kikuu haipaswi kungoja mkaguzi aje kuiambia kwamba maabara haina vifaa au wahadhiri hawatoshi. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kutokana na kasoro zilizobainika katika ukaguzi. Tathmini ya ndani ipo ili kasoro za namna hiyo zionekane mapema, na zionwe na watu wenye uwezo wa kuzirekebisha, yaani wahadhiri na wanafunzi wa programu yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa idara, mratibu wa programu na mhadhiri yeyote aliyekabidhiwa kazi hii. Msingi wake ni utaratibu wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao makuu Kampala, ambao vyuo vingi vya ukanda wetu vimeujengea mifumo yao ya ubora. Chuo chako kinaweza kuwa na fomu zake. Zichukue kwanza kwenye kurugenzi ya uthibiti ubora kabla hujaandika lolote.

Barua ya maombi

Barua inaandikwa na mkuu wa idara kwenda kwa mkurugenzi wa uthibiti ubora, kupitia kwa amidi wa shule au rasi wa ndaki, yaani mkuu wa kitengo cha chuo ambamo idara yenu imo. Itaje jina kamili la programu kama lilivyo kwenye ithibati (kibali rasmi cha kuiendesha), mwaka ilipoanza, mara ya mwisho mtaala ulipohuishwa, muhula mnaokusudia kufanya tathmini, na majina ya timu mnayoipendekeza. Ombeni fedha humo humo: nauli ya kuwafuata waajiri, gharama za simu kwa wahitimu, posho ya watathmini kutoka nje ya idara. Tathmini isiyo na bajeti huishia kwenye hojaji za wanafunzi peke yake.

Katika barua hiyo hiyo ombeni kibali cha kupata takwimu za udahili na za mitihani, maana ofisi zinazozitunza hazitazitoa kwa maneno ya mdomo, na hazipaswi kufanya hivyo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, kila idara inawajibika kwa taarifa za wanafunzi inazozishika. Ziombeni zikiwa zimeondolewa majina na namba za usajili.

Wakati mzuri wa kuomba ni mwaka mmoja kabla ya kuhuisha mtaala. Mkiomba baada ya hapo, mtaala mpya utakuwa umeshapita Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, na mliyoyagundua yatabaki kwenye makabati.

Timu

Watu watatu hadi watano wanatosha, na mmoja wao awe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye haki sawa ya kusema. Ushauri wangu ni kwamba mkuu wa idara asiiongoze. Ni vigumu mhadhiri kijana kusema amebebeshwa masomo mengi kupita kiasi mbele ya mtu aliyempangia masomo hayo. Atakayeratibu apunguziwe vipindi vya muhula huo, na apunguziwe kwa maandishi.

Ushahidi

Anzeni na takwimu za wanafunzi, lakini msiridhike na jumla ya mwaka. Chukueni kundi moja lililoingia pamoja, mlifuate hadi mahafali: wangapi walisajiliwa, wangapi walipata sapu (mtihani wa marudio) na katika masomo gani, wangapi walirudia mwaka, wangapi walidisko (waliondolewa chuoni kwa kushindwa masomo), wangapi waliondoka kwa sababu ya ada, wangapi walihitimu kwa wakati. Fanyeni hivyo kwa makundi matatu yanayofuatana. Somo moja likiwapa sapu nusu ya darasa kila mwaka, hapo kuna jambo la kuchunguza, na si sahihi kuanza kwa kudhani kwamba wanafunzi ni wavivu.

Kisha njooni kwenye moyo wa tathmini, ambao ni matokeo tarajiwa ya ujifunzaji. Kila mtaala unasema mhitimu ataweza kufanya nini. Tuseme programu yenu ni ya shahada ya ualimu wa sayansi, na mtaala unasema mhitimu ataweza kuandaa na kuongoza majaribio ya fizikia katika shule ya sekondari yenye vifaa vichache. Jiulizeni ni somo gani linalomfundisha hilo, halafu ni wapi anapofanya kwa mikono yake, halafu ni mtihani upi unaompima. Chukueni karatasi za mitihani za miaka mitatu, mlisome swali moja baada ya jingine, na kando ya kila swali mwandike ni tokeo lipi linapimwa. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato. Ndiyo itakayowaonyesha kwamba tokeo fulani limeandikwa vizuri lakini halipimwi popote, na jingine linapimwa katika masomo manne. Mara nyingi utakuta mtihani mzima unataka mwanafunzi akumbuke na kueleza, wakati mtaala umeahidi mtu anayeweza kutenda. Ripoti za watahini wa nje, yaani wahadhiri wa vyuo vingine wanaokagua mitihani yenu, zisomwe katika hatua hii, na mwangalie kama walichoshauri mwaka juzi kilifanyika.

Pimeni pia mzigo wa masomo. Katika mfumo wetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Somo la krediti 12 lina saa 120. Kwa muhula wa wiki 15, mihadhara ya saa tatu kwa wiki inachukua saa 45 na semina ya saa moja inachukua saa 15. Zinabaki saa 60 za kujisomea, kazi za nyumbani na maandalizi ya mtihani. Waulizeni wanafunzi kama ndivyo ilivyo. Kuna masomo ambayo miradi yake inakula mara mbili ya saa hizo, na mengine hayazikaribii.

Hojaji zitawapa picha ya jumla tu. Mazungumzo ya vikundi yatawapa sababu, mradi mhadhiri anayefundisha darasa hilo asiwepo chumbani. Wahitimu watafuteni kupitia makundi yao ya WhatsApp, na waajiri wafuateni mahali pao pa kazi. Ukumbi, vitabu, maabara na vyoo vitembeleeni kwa miguu.

Kutoa alama

Utaratibu wa IUCEA unatumia alama 1 hadi 7 kwa kila kipengele cha programu kinachotathminiwa. Alama 1 maana yake hali ni mbaya na hatua zichukuliwe mara moja. Alama 4 maana yake kinachotakiwa kipo. Alama 7 ni ubora wa hali ya juu kabisa. Kila mjumbe atoe alama zake peke yake kwanza, kisha mkutane mjadili mlipotofautiana. Kila alama ifuatiwe na ushahidi wake, na penye ushahidi hafifu alama ishuke.

Hapa nisisitize jambo moja. Alama 4 ni alama ya heshima, na hakuna aibu kuandika 2. Idara inayojipa 6 kila mahali imejinyima sababu ya kuomba vifaa na wahadhiri wapya, kwa kuwa imeshasema yenyewe kwamba mambo ni mazuri.

Ripoti na watathmini wenza

Ripoti ieleze kila kipengele kilivyo, kwa nini kiko hivyo, na mnakusudia kufanya nini. Ipitishwe kwenye mkutano wa idara kabla ya kutoka. Baada ya hapo kurugenzi itaunda jopo la wenzenu kutoka idara nyingine, pamoja na mtu mmoja au wawili wa nje ya chuo. Watasoma ripoti, watatembelea madarasa, watazungumza na wanafunzi bila ninyi. Waacheni wachague wenyewe wa kuzungumza nao.

Mpango wa uboreshaji

Tengenezeni jedwali lenye kasoro, hatua, mhusika kwa cheo chake, tarehe na chanzo cha fedha. Yale yasiyohitaji fedha, kama kubadili aina ya maswali au kurudisha majaribio yaliyosahihishwa ndani ya wiki mbili, yaanze muhula unaofuata. Yanayohitaji fedha yaingizwe kwenye bajeti ya ndaki kabla haijafungwa. Ripoti na mpango vitapita bodi ya shule au ndaki na kamati ya uthibiti ubora hadi Seneti. Mara mpango ukiidhinishwa, utekelezaji wake uwe ajenda ya kudumu ya mkutano wa idara, na nakala wapewe viongozi wa madarasa ya miaka yote, ili waweze kuuliza tarehe zikipita.