SOMO: Kufuatilia ukoo wa Kifaransa kwenye nyaraka za Marekani ya kikoloni (someni kwanza, ndipo muulize)

Wadau, salaam. Inboksi yangu imejaa swali moja: "Mume wangu (au mke wangu) wanasema asili yao ni Wafaransa wa zamani wa New York, watoto wamepewa kazi ya mti wa ukoo shuleni, nianzie wapi?" Nimechoka kunakili jibu lile lile, kwa hiyo nalimwaga lote hapa. Kuanzia leo atakayeuliza nitampa kiungo cha uzi huu.

Tuelewane tunamzungumzia nani. Hawa ni Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa. Mfalme Louis XIV aliifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu kuabudu, Oktoba 1685, akawafungia makanisa, nao wakakimbia kwa maelfu. Lakini wengi wa hapa bonde la Hudson, New York, walikwisha kuondoka Ufaransa miaka mingi kabla, wakakaa Ujerumani au Uholanzi, ndipo wakavuka. New Paltz hati yake ya ardhi ni ya 1677, New Rochelle ni 1689. Kusini kuna Charleston, South Carolina, kuanzia 1680 na Manakin, Virginia, mwaka 1700. Kama wakwe zako ni wa Detroit, Illinois au Louisiana, hao kwa kawaida ni Wakatoliki na njia yao ni nyingine. Shuka kwenye maswali.

Hatua ya 1. Anza na walio hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usianzie Ufaransa. Narudia: usianzie Ufaransa.

Hatua ya 2. Sensa. Kuanzia 1850 kila mtu huru ametajwa kwa jina. Kuanzia 1790 hadi 1840 ametajwa mkuu wa kaya tu, waliobaki ni tarakimu. Ya 1890 karibu yote imepotea, usiitafute.

Hatua ya 3. Wasia na hati za ardhi. Ziko kwenye ofisi za kaunti, na picha zake nyingi ziko kwenye tovuti ya FamilySearch, bure. Siku hizi wana kipengele kinachosoma maandishi ya mkono ndani ya hati nzima, kwa hiyo unaweza kumpata mtu aliyetajwa katikati ya ukurasa kama jirani au shahidi. Tafuta mashamba pia. Shamba lililogawanywa kwa watoto saba ni orodha ya watoto saba.

Hatua ya 4. Madaftari ya makanisa. Kanisa la Kiholanzi la Kingston (kaunti ya Ulster, New York, iliko pia New Paltz) lina ubatizo na ndoa kuanzia 1660, na Wafaransa wamo humo kabla hawajawa na kanisa lao. New Paltz walianzisha lao 1683, daftari likaanza kwa Kifaransa, likahamia Kiholanzi, likaishia Kiingereza. Kanisa la Kifaransa la mjini New York lina daftari kuanzia 1688. Yote matatu yamechapishwa kama vitabu tangu karne ya 19, utayapata mtandaoni bila kulipa.

Kwenye daftari la Kiholanzi angalia mambo mawili. Mama anaandikwa kwa jina la kwao, si la mumewe. Hiyo ni zawadi, maana nyaraka za Kiingereza zitakwambia "mkewe Sarah" na basi. Pili, wasimamizi wa ubatizo. Mara nyingi hao ni babu, bibi, shangazi na wajomba. Usiwaruke kwa sababu majina yao ni marefu.

Hatua ya 5. TAREHE. Hapa soma polepole. Mimi hatua hii iliniangusha, na kila mwezi naona mtu mwingine akianguka palepale.

Makarani wa zamani hawakuandika Septemba kila mara. Waliandika 7ber au 7bre. Hiyo SI Julai. Ni Septemba, kwa sababu mwaka wa Warumi ulianzia Machi na Septemba ikawa ya saba. 8ber ni Oktoba, 9ber ni Novemba, Xber ni Desemba. Na kama ukoo una tawi la Waquaker (dhehebu la Kikristo), wao walikwepa majina ya miezi kabisa: "mwezi wa kwanza" kabla ya 1752 ni Machi.

Kisha mwaka wenyewe. Waingereza na makoloni yao walianza mwaka mpya Machi 25 hadi sheria ilipobadilishwa 1752. Waholanzi walianza Januari 1. Sasa chukua wasia ulioandikwa Novemba 20, 1702, ukathibitishwa mahakamani Februari 14, 1702. Mtu kafa kabla ya kuandika wasia? Hapana. Februari hiyo kwetu ni 1703, na karani mwangalifu angeandika 1702/3. Ukikuta mkwaju (/) wa namna hiyo, unakili ulivyo. USIUSAHIHISHE. Ukiandika 1703 bila alama, atakayekuja baada yako atajiuliza kama tayari umeongeza mwaka au hujaongeza, na hataweza kujua.

Kwa nini napiga kelele hivi? Kwa sababu mtoto akifa mchanga, jina lake lilipewa mtoto anayefuata. Unaweza kukuta Isaac wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wamepishana miezi kumi na sita. Ukikosea mwezi au mwaka, unamchukua Isaac aliyezikwa akiwa na wiki tatu, unamwoza, unampa shamba na watoto tisa. Halafu watu wengine mia wanakunakili.

Kwa hiyo: (a) andika tarehe kama ilivyo kwenye daftari, na tafsiri yako pembeni, (b) tazama picha ya ukurasa wenyewe, maana aliyechapa kitabu naye alikuwa anabahatisha, (c) soma ukurasa uliotangulia na unaofuata uone karani huyo anabadilisha mwaka wapi.

Hatua ya 6. Majina ya ukoo. Karani Mholanzi aliandika alichosikia. DuBois utamkuta du Booys, Doyau wamekuwa Deyo, Frère wamekuwa Freer. New Rochelle Sicard wamekuwa Secor, Virginia Soblet wamekuwa Sublett. Charleston kuna Huger, na wenyewe wanatamka "Yujii". Soma jina kwa sauti kabla hujasema halimo. Na jina la Kifaransa peke yake si ushahidi wa kitu.

Hatua ya 7. Kuvuka bahari. Ya mwisho kabisa, na wengine hamtaifikia. Tafuteni kituo cha katikati kwanza: London, Leiden (Uholanzi), Mannheim (Ujerumani). Louis DuBois, mmoja wa waanzilishi wa New Paltz, asili yake ni karibu na Lille, lakini ndoa yake na Catherine Blanchan ilifungwa Mannheim mwaka 1655 na watoto wao wa kwanza wakazaliwa hukohuko. Aliyemtafutia ndoa Ufaransa angetafuta mpaka leo. Na jina New Paltz lenyewe linatokana na Pfalz, jimbo la Ujerumani ulikokuwa mji huo wa Mannheim.

Maswali sasa.

---

Kijana_wa_Columbus: Somo zuri mkuu. Naomba orodha ya abiria wa meli ya 1686 iliyowaleta, PDF kama ipo.

Mwandishi: Haipo. Marekani ilianza kudai orodha za abiria kwa sheria ya 1819, zikaanza kukusanywa 1820. Kabla ya hapo ni vipande vya bahati. Nani huyo unayemtafuta?

Kijana_wa_Columbus: Ukoo wa shemeji. Sijajua jina la babu yake bado.

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mkwe_wa_Albany: Mbona mnajichosha? Nimeingia kwenye tovuti moja, nikabofya majani yote ya kijani (vidokezo vyao), sasa hivi niko kwa Charlemagne, yule mfalme wa Wafranki wa karne ya 8. Jioni moja tu.

Mwandishi: Hongera. Umeona hati ngapi kati yako na Charlemagne?

Mkwe_wa_Albany: Watu 340 wana mti uleule. Wote wamekosea, wewe peke yako ndiye uliyepatia?

Mwandishi: Watu 340 wamenakili mtu mmoja. Mtafute Gustave Anjou. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa akiwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kutunga, zenye wakuu na ngao za ukoo, na bado zinazunguka kwenye miti ya mtandaoni. Huyohuyo alichapisha pia muhtasari wa wasia za kaunti ya Ulster, kwa hiyo hata hapo nenda kwenye wasia wenyewe. Sijasema mti wako ni wa Anjou. Nimekuuliza hati, hujanijibu.

Dada_Zuhura: Mama mkwe kapima DNA, kaambiwa Ufaransa ni asilimia sifuri. Kalia kabisa. Basi hadithi yao ni uongo?

Mwandishi: Mpe pole, mwambie asilie. Vizazi kumi nyuma una wahenga 1,024. Mmoja wao kwa wastani anachangia kama sehemu moja ya elfu ya DNA yako, na anaweza asiachie kitu kabisa. Halafu Ufaransa imekataza kisheria watu kujipima DNA kwa ajili ya ukoo, kwa hiyo Wafaransa wa kulinganishwa nao ni wachache kwenye hazina za makampuni hayo. Karatasi zitamjibu vizuri zaidi. Akiwa na jina la bibi yake mzaa mama, mlete hapa tumsaidie.

Mzee_Bukavu: Bwana, asante kwa kazi. Mimi natoka Bukavu, niko Maine sasa. Kifaransa nasoma tangu shule, nilidhani daftari la New York litakuwa maji tu. Nimefungua, sikuelewa kitu. Ni Kifaransa kweli?

Mwandishi: Ni Kifaransa, mzee wangu, ni mwandiko tu unaokutesa. S ndefu inafanana na f. U na v zinabadilishana, i na j vilevile. Anza na ubatizo wa miaka ya 1740 ambako karani anaandika kwa utulivu, ukizoea ndipo urudi nyuma. Matamko ni yaleyale kila ukurasa: amebatizwa, mtoto wa fulani na fulani, amesimamiwa na fulani. Ukishazijua sentensi kumi umelijua daftari.

Mzee_Bukavu: Nimejaribu ya 1743, inasomeka! Na nimeona kitu: mwisho wa ubatizo kuna sahihi. Baba mmoja anaandika kwa mkono mzuri, mwingine mwenye jina lilelile anaweka alama tu. Karani anaandika kwamba hajui kutia sahihi.

Mwandishi: Hapo umetusaidia sote. Ndiyo njia bora ya kutenganisha majina yanayofanana. Ukipata wasia wenye sahihi ya mmoja wao, linganisha. Aliyetia alama 1743 akiwa na miaka thelathini hawezi kuwa yuleyule aliyetia sahihi ya madoido 1735. Ila kuwa mwangalifu na wagonjwa: mtu anayejua kuandika anaweza kuweka alama kwenye wasia kwa sababu mkono umeishiwa nguvu.

Tausi_NY: Swali langu ni tofauti kidogo. Mume wangu ni Mmarekani mweusi, ukoo wao wanaitwa jina la mojawapo ya familia hizo za New Paltz. Hatua zako zinamfikia yeye?

Mwandishi: Zinamfikia, na nilipaswa kulianza hili juu. Wahugenoti wa Ulster walikuwa na watumwa, tena si mmoja mmoja. Fanya hivi. Sensa ya 1790 inaonyesha idadi ya watumwa katika kila kaya, bila majina. Majina, kwa kawaida jina la kwanza tu, yako kwenye wasia: "namwachia binti yangu" fulani na fulani. Soma wasia za familia nzima, pamoja na wakwe, maana watu waligawanywa pamoja na mashamba.

Halafu kuna sheria ya New York ya 1799. Mtoto aliyezaliwa na mama mtumwa baada ya Julai 4, 1799 alihesabiwa huru, lakini alimtumikia mwenye mama yake hadi miaka 28 kwa mwanamume na 25 kwa mwanamke. Mwenye mama alitakiwa kumwandikisha mtoto kwa karani wa mji, na madaftari ya namna hiyo yapo, la New Paltz limo. Utumwa wenyewe uliisha Julai 4, 1827. Usidhani tu kwamba jina lilitoka kwa mmiliki wa mwisho. Linaweza kuwa la mmiliki wa kwanza, au la baba.

Sojourner Truth, mwanaharakati maarufu aliyezaliwa mtumwa, ni wa kaunti hiyohiyo. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, na aliondoka kwa bwana wake, John Dumont, mwaka 1826. Mwaka 1828 alimrudisha mwanawe Peter kwa kwenda mahakamani Kingston, na karatasi za kesi hiyo zilikuja kutambuliwa kwenye nyaraka za jimbo mwaka 2022 tu.

Tausi_NY: Na W.E.B. Du Bois, yule mwanazuoni Mmarekani mweusi aliyefia Ghana?

Mwandishi: Jina ni la haohao. Babu yake Alexander alizaliwa Bahamas, baba wa Alexander akiwa James Du Bois, mzungu wa Poughkeepsie. Kwa hiyo mkiona tawi linapotea New York ghafla baada ya vita vya uhuru, angalieni Bahamas na Kanada, waliokuwa upande wa mfalme wa Uingereza walihamia huko.

Baba_Salim_Detroit: Wakwe zangu Wakatoliki, Beaubien wa Detroit. Nimekwama 1720, jina linakatika.

Mwandishi: Halikatiki, linabadilika. Wafaransa wa Kanada walikuwa na jina la pili, linaandikwa baada ya neno "dit". Hao ni Cuillerier dit Beaubien. Tafuta Cuillerier. Madaftari ya kanisa la Ste-Anne, Detroit, yanaanza 1704, na kwa upande wa Quebec tumia hazina ya PRDH ya Chuo Kikuu cha Montréal. Kwa kweli nyie mna bahati kuliko sisi, Wakatoliki waliandika kila kitu.

Baba_Salim_Detroit: Nimempata! Montréal. Wino umefifia lakini, picha haisomeki vizuri.

Mwandishi: Geuza rangi za picha, nyeusi iwe nyeupe, kisha ongeza ukolezi. Simu yako inaweza.

Kijana_wa_Columbus: Mkuu, shemeji kasema babu yake alikuwa Isaac. Alizaliwa 7ber 1893, yaani Julai.

Mwandishi: Hatua ya 5. Na aliyekuandikia 7ber mwaka 1893 ni nani? Tupia picha ya cheti.