Kutafuta makasha kwa GPS: mwongozo kwa anayeanza mchezo wa jiokeshi

Jiokeshi ni mchezo wa kutafuta kasha lililofichwa na mtu usiyemjua, mahali alipopataja kwa tarakimu tu. Mfichaji huchukua chombo kisichoingia maji, hutia ndani yake daftari dogo, hukificha mahali ambapo mpita njia hana sababu ya kuangalia, kisha hutangaza majiranukta yake, yaani tarakimu zinazoonyesha mahali kilipo duniani, kwenye tovuti ya Geocaching.com au nyingine ya aina hiyo. Wewe unakwenda na simu yako, unatafuta, unaandika jina lako la mchezoni pamoja na tarehe, unarudisha kila kitu kama ulivyokikuta, unaondoka. Hakuna mshindi wala zawadi. Anayesema kwamba hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi simlaumu, maana nami nilisema hivyo hivyo mpaka siku nilipojikuta nimezunguka kwa saa nzima kiwanja ambacho nilikuwa nakipita kila siku bila kukitazama.

Mchezo wenyewe umezaliwa juzi tu. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS (mfumo wa setilaiti unaokionyesha kifaa mahali kilipo) yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kipokezi kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, na tarehe 3 Mei mwaka huo mpenzi mmoja wa GPS aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, ndani yake mkiwa na vitu kama vitabu na kopo la maharage, akawatangazia wenzake kwenye intaneti mahali ilipo. Zilipita siku chache tu ndoo ikapatikana. Leo makasha yaliyofichwa duniani yanahesabiwa kwa mamilioni, lakini kwetu Afrika Mashariki bado ni machache, na uchache huo unabadilisha namna ya kucheza: aliyeko Ujerumani anaweza kupata makasha kumi asubuhi moja kwa miguu, ilhali wa Dar es Salaam au Kampala hupanga safari kwa ajili ya moja au mawili. Kwa hiyo kila kinachofuata hapa kinamlenga mtu ambaye safari yake ikienda bure, imekwenda bure kweli.

Kifaa kikuu ni simu. Fungua akaunti ya bure, pakua programu ya Geocaching, au c:geo ikiwa simu yako ni ya Android, na usikimbilie kulipia uanachama, kwani makasha mengi yanaonekana bila malipo. Watu wengi hudhani kwamba GPS hula bando, jambo ambalo si kweli: simu husikiliza setilaiti tu na haitumi chochote. Kinachokula bando ni ramani, na hiyo unaipakua nyumbani kabla ya kutoka pamoja na maelezo ya kasha, ili mtandao ukikatika porini uendelee kama kawaida. Betri ndiyo adui wa kweli, kwa sababu kioo huwaka muda wote huku GPS ikifanya kazi. Beba betri ya akiba na waya wake. Zaidi ya hapo, tia mfukoni kalamu na penseli (makasha mengi madogo hayana nafasi ya kuwekea kalamu), tochi ndogo ya kumulika kwenye nyufa hata mchana, glavu za bustani, na kibano cha kuvutia karatasi iliyosokotwa ndani ya kikopo chembamba. Viatu viwe vya kufunika kidole. Nimeona mtu akienda kutafuta kasha kwenye kichaka cha michongoma akiwa na kandambili, na sitaeleza zaidi.

Sasa tuje kwenye tarakimu, kwa kuwa hapa ndipo wanaoanza wanapopotea kabla hata hawajatoka nyumbani. Majiranukta ya mchezo huu huandikwa kwa digrii na dakika zenye nukta, tuseme S 06° 48.500 E 039° 17.000, ambayo ni mahali fulani jijini Dar es Salaam. Programu ya mchezo huyasoma yenyewe, lakini ukitaka kuyahamishia kwenye ramani nyingine ya simu yako, mara nyingi hiyo hutaka digrii zenye nukta peke yake. Hapo unagawanya dakika kwa 60: 48.5 kwa 60 ni 0.80833, na 17 kwa 60 ni 0.28333, hivyo unaandika -6.80833, 39.28333. Alama ya kutoa inasimama badala ya herufi S ya kusini. Ukiisahau, ramani itakupeleka upande wa pili wa ikweta, Ethiopia, si mbali na Milima ya Bale. Na ukiandika -6.485 na 39.17 kwa kudhani kwamba nukta ni nukta, utaambiwa kasha liko kilomita zaidi ya 35 kaskazini, tena ndani ya bahari. Makosa haya yote mawili yana heri moja, nayo ni kwamba huonekana mara moja. Kosa baya ni lile dogo la kubadilisha tarakimu ya mwisho kabisa. Kila hatua moja ya tarakimu hiyo ni karibu mita 2 ardhini, basi 48.500 ikiandikwa 48.509 umeshahamia ng'ambo ya barabara.

Kabla ya kuchagua kasha, soma ukurasa wake hadi chini. Kuna vipimo viwili kutoka 1 hadi 5, kimoja cha ugumu wa kulipata na kingine cha ugumu wa njia. Anayeanza achague vyote viwili visizidi 1.5. Angalia pia ukubwa, kwani lenye ukubwa wa boksi la chakula huonekana, lakini lile la ukubwa wa ncha ya kidole litakutoa jasho. Lililo muhimu kuliko yote kwa huku kwetu ni taarifa za waliotangulia. Kasha ambalo watu watatu wa mwisho wameandika kwamba hawakulikuta, pengine halipo tena: limeokotwa na watoto, limefyekwa pamoja na majani, au limesombwa na mvua za masika. Dokezo la mfichaji hufichwa kwa kubadilishana herufi, A ikiwa N na N ikiwa A, lakini programu hulifumbua kwa kugusa tu. Mimi hulisoma nikiwa bado nyumbani. Wapo wanaoona hiyo ni kuiba mtihani. Mimi nauli nimelipa mwenyewe.

Ukifika karibu, simu itaanza kukuchanganya. Chini ya anga wazi simu nzuri hukosea kwa mita 5 hivi, na karibu na maghorofa au chini ya miti mikubwa kosa huongezeka, kwa sababu mawimbi hugonga kuta na kurudi. Mfichaji naye alikuwa na kosa lake siku aliyopima. Kwa hiyo mara inaposema zimebaki mita 10, simama hadi tarakimu zitulie, tazama mshale unaelekea wapi, kisha itie simu mfukoni. Kuanzia hapo kazi ni ya macho. Jiulize: kama ningekuwa mimi, ningeficha wapi hapa? Tafuta kisicho cha kawaida, kama vile mawe yaliyopangwa vizuri kupita kiasi, kigogo chenye gome lililolegea, au skrubu isiyoshikilia kitu.

Kasha langu la pili lilikuwa kwenye bustani ya umma kando ya bahari, na nilikuwa nimechuchumaa kwa dakika ishirini nikifukua majani chini ya uzio wa chuma, mpaka mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, akasogea na rungu lake kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepoteza nini hapo, kijana?"

"Sijapoteza kitu, mzee. Kuna mchezo wa kutafuta kikopo kilichofichwa, na simu inasema kiko hapa hapa."

"Kile cha sumaku? Sasa mbona unaangalia chini? Wenzako wote hupapasa huku juu."

Nikapapasa upande wa chini wa chuma cha juu, na vidole vikagusa kikopo cha ukubwa wa kidole gumba kilichonasa pale kama kupe. Ndani mlikuwa na karatasi iliyosokotwa, ambayo bila kibano isingetoka. Tangu siku hiyo huwa siingii mahali penye mlinzi bila kumsalimu na kumweleza kwanza. Vitabu vya mchezo huu vya ughaibuni hushauri kujificha wasikuone wapita njia. Ushauri huo huku ni wa hatari. Mtu anayenyemelea ukuta huku akichungulia huku na huku anaitwa mwizi, na kelele za mwizi hazisubiri maelezo.

Ukilipata, lifungue taratibu, andika jina na tarehe, na ukichukua kitu kilichomo acha kingine chenye thamani sawa au zaidi. Usiache chakula kamwe, kwa maana siafu, panya na nyani watakifikia kabla ya binadamu. Wala kisu, dawa au pombe, kwa kuwa watoto nao hucheza. Ukikuta kibati chenye namba ya kufuatilia, hicho ni msafiri: hakibaki kwako bali unakipeleka kwenye kasha lingine na kuandika ulikokiacha. Rudisha kasha pale pale, limefungwa vile vile. Jioni andika taarifa kwenye tovuti, hata kama hukulikuta, kwa sababu taarifa hiyo ndiyo itakayomwokolea nauli mwenzako.

Kuhusu usalama, watu huwaza nyoka kwanza, nao wanastahili kuwazwa. Usiingize mkono mahali ambapo jicho halijaingia; mulika kwa tochi, chokoa kwa fimbo, ndipo upeleke glavu. Kifutu hakimbii anaposikia kishindo bali hulala kimya kwenye majani makavu, ndiyo sababu hukanyagwa. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali haraka. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba kwa nguvu huongeza madhara. Nyuki wakichachamaa usiwapungie mikono, kimbia. Na ujifunze kuutambua upupu kabla haujakutambua wewe.

Hata hivyo, katika matembezi ya kawaida kinachokupata zaidi ni jua, kiu, giza na simu kunyakuliwa. Karibu na ikweta jua hutua kwenye saa 12 na nusu jioni na giza huingia upesi, basi panga kumaliza saa 11. Mwambie mtu uendako na saa utakayorudi. Ukiweza, nendeni wawili, mmoja aangalie simu na mwingine aangalie barabara na pikipiki. Pwani, ulizia maji kwa wavuvi kabla ya kushuka kwenye miamba au mikoko. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na njia uliyoijia kwa miguu mikavu inaweza kuwa imefunikwa ukigeuka kurudi.

Mahali pengine usitafute kabisa, hata mshale ukielekea huko: kambi za jeshi, vituo vya polisi, ofisi za serikali, balozi, mitambo ya umeme na reli. Nairobi na Dar es Salaam zilishambuliwa kwa mabomu siku moja, tarehe 7 Agosti 1998, kwa hiyo mlinzi anayeshtuka akiona kopo limebanwa nyuma ya bomba ana sababu ya kushtuka. Ndani ya hifadhi za wanyama usishuke garini isipokuwa panaporuhusiwa. Kwa sehemu kama hizo kuna aina mbili za jiokeshi zisizo na chombo chochote: ile ya mandhari, na ile ya jiolojia iliyoanza mwaka 2004, ambapo unajibu maswali kuhusu mwamba, maporomoko au volkano unayoitazama na kumtumia majibu mwenye ukurasa. Kwangu mimi hizi ndizo zinazofaa nchi zetu kuliko zote, kwani hakuna kinachoibwa wala kinachooza.

Baada ya kupata makasha ishirini hivi, huenda ukatamani kuficha lako. Omba ruhusa kwa mwenye eneo, usichimbe ardhi, na uhakikishe liko angalau mita 161 kutoka kwa jingine. Mkaguzi wa kujitolea atalipitia kabla halijatangazwa. Chagua chombo chenye mpira kwenye kifuniko. Wa ughaibuni hutia daftari ndani ya mfuko wa plastiki, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, basi tegemea kifuniko kizuri na penseli, kwa sababu wino hutawanyika karatasi ikipata unyevu. Andika nje kwa Kiswahili kwamba ni kasha la mchezo na halina madhara. Usilifiche mji uliokwenda kutembea tu. Lifiche mahali unapoweza kupita kabla ya masika na baada yake kubadilisha daftari lililolowa, na siku utakapohama, liondoe mwenyewe na uandike kwenye ukurasa wake kwamba limefungwa, ili asije mtu kutoka Morogoro kwa basi la alfajiri kutafuta kitu ambacho hakipo.