Panga Jiji kwa Mitaa: Mbinu ya Tarishi kwa Safari Fupi ya Bei Nafuu

Nilikuwa tarishi kwa miaka 6. Asubuhi nilikabidhiwa furushi la bahasha pamoja na nauli ya siku, na jioni salio la nauli lilikuwa langu. Kazi ile ilinifundisha kwamba ukitoka ofisini kabla hujazipanga bahasha kwa mitaa, utapita njia moja mara tatu na hela yote itaishia kwenye basi. Siku hizi nikipata siku mbili tatu za kutembelea jiji nisilolijua, napanga vilevile. Watu wengi huhangaika kutafuta punguzo la tiketi, kumbe fedha zao zinavuja kwenye nenda rudi.

Safari yangu ya kwanza sikupanga hivyo. Nilikwenda Paris kwa siku mbili na nusu nikiwa na orodha ya sehemu 12, na nilikuwa nimezipanga kwa umaarufu. Siku ya kwanza nilivuka mto Seine mara nne. Siku ya pili ilikuwa Jumanne, nikafika makumbusho ya Louvre na kukuta milango imefungwa. Louvre hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Musée d'Orsay, yaliyo ng'ambo ya mto huohuo, mwendo mfupi tu kwa miguu, hufungwa Jumatatu. Habari hizo ziliandikwa wazi, ila mimi sikuzitafuta, nikapoteza asubuhi nzima ambayo nilikuwa nimeidunduliza kwa miezi.

Kwa hiyo anza na karatasi. Andika kila unachotamani kuona, bila kujibana. Kisha fungua ramani kwenye simu na utie alama kila sehemu uliyoiandika. Usiamue lolote kwanza, itazame tu ramani. Utaona alama zinajikusanya: tano huku, tatu kule, moja imejitenga pembezoni. Kila kusanyiko ni bahasha moja, na bahasha moja ni nusu siku. Safari ya siku mbili ina bahasha nne kwa hesabu ya mezani, lakini toa moja kwa ajili ya kufika, kutafuta malazi na kuondoka. Zinabaki tatu. Ukijilazimisha kubeba tano, utaona milango ya majengo na visogo vya watu kwenye foleni.

Kwa ile alama iliyojitenga, jiulize swali moja: kama ingekuwa peke yake jijini, ningeifuata? Ukisita, ifute. Mimi hufuta bila huruma, na bado sijawahi kurudi nyumbani nikijutia sehemu niliyoifuta.

Pima pia ukubwa wa bahasha. Mtu mzima hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa kwa mwendo wa kawaida, lakini mtazamaji hatembei hivyo. Anasimama, anapiga picha, anasoma kibao, anarudi nyuma kidogo. Njia ya kilomita 3 yenye mambo ya kuona inatosha asubuhi nzima. Ikizidi hapo, igawanye. Na kama unasafiri na mtu mwenye miguu mizito, kama mimi na dada yangu mkubwa ambaye magoti humsumbua, weka kwenye ramani sehemu ya kukaa kwa kila saa moja: bustani, maktaba ya umma, jengo la ibada linalopokea wageni. Tia alama vyoo vya umma pia. Asiyejua choo kilipo hulazimika kununua kinywaji asichokihitaji ili aruhusiwe kuingia.

Bahasha zikishakamilika ndipo zipewe siku. Hapa ndipo penye fedha nyingi, basi tulia. Kwa kila sehemu, soma kwenye tovuti yake yenyewe mambo matatu: siku ya kufungwa, saa za kuingia bure, na kama lazima ujiandikishe mapema. Makumbusho ya Prado ya Madrid hufungua milango bure saa mbili za mwisho za siku. Makumbusho ya serikali ya Italia huingiwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Makumbusho ya Vatican Jumapili ya mwisho. British Museum ya London na makumbusho ya Smithsonian ya Washington hayatozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu siku zote. Hukohuko Paris, Musée Carnavalet inayosimulia historia ya jiji lenyewe haina kiingilio kwa mkusanyo wake wa kudumu, na ningeijua mapema ningeanzia hapo. Kuba la Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani jijini Berlin, pia ni bure, lakini sharti ujiandikishe mapema.

Saa za bure zina gharama yake: foleni. Saa mbili za Prado zinatosha ukiingia ukijua unakwenda kuona nini, kwa mfano vyumba vya wachoraji Velázquez na Goya, kisha basi. Ukiingia kuzurura, utatolewa ukiwa bado unatafuta njia. Kama ni jumba ambalo umeliota tangu utotoni, lipe kiingilio chake na uende asubuhi linapofunguliwa. Kanuni yangu ni sehemu moja ya kulipia kwa siku, ile ninayoipenda kuliko zote. Zilizobaki ziwe za bure au za kutazama kwa nje.

Kadi za jiji, zile zinazokuuzia kiingilio cha makumbusho na usafiri kwa pamoja, nazipigia hesabu kwa kalamu. Jumlisha viingilio vya sehemu zilizomo kwenye bahasha zako tu, ongeza nauli utakazotumia kweli, kisha linganisha. Ukishajipangia kwa mitaa, mara nyingi kadi haikulipi, kwa sababu faida yake inamwendea anayekimbia kutoka jumba hadi jumba.

Asubuhi ya kwanza panda juu. Ukiliona jiji lilivyolala, mto uko wapi, reli inapita wapi, utatembea siku zote mbili bila kuitazama simu kila kona. Jengo la Serikali ya Jiji la Tokyo lina ukumbi wa kutazamia kwenye ghorofa ya 45, mita 202 kutoka ardhini, na haulipiwi. Miji mingine ina kilima au ngazi za bustani zinazofanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu mabasi ya watalii, mimi huyaacha. Tafuta njia ya basi, tramu au kivuko cha wenyeji inayopita mambo makubwa. Basi namba 100 la Berlin hutoka kituo cha Zoologischer Garten hadi uwanja wa Alexanderplatz kwa tiketi ya kawaida, likikatiza katikati ya jiji. Kivuko cha Staten Island jijini New York hakitozi abiria nauli, huchukua kama dakika 25, na njiani unaiona Sanamu ya Uhuru. Melbourne ina eneo la katikati ambako tramu ni bure. Luxembourg iliondoa nauli za usafiri wa umma nchi nzima mwaka 2020. Kabla ya kununua tiketi yoyote, uliza kama eneo unalokwenda linahitaji tiketi.

Malazi ya pembezoni huonekana ya bei nafuu mpaka uyahesabu vizuri. Chukua bei ya chumba, ongeza nauli ya kwenda na kurudi kwa kila siku na kwa kila mtu, kisha ongeza muda. Saa moja kwenda na saa moja kurudi kwa siku mbili ni saa nne, yaani bahasha moja nzima. Hosteli ndogo karibu na bahasha yako kubwa kuliko zote mara nyingi hushinda hesabu hiyo. Uliza pia kama watakutunzia begi siku ya kuondoka, maana ukiburuta begi mitaani hiyo nusu siku ya mwisho imekwisha.

Mlo mkubwa ule mchana, na usiule mbele ya lango la kivutio. Tembea mitaa miwili mitatu pembeni kwanza.

Usiku wa kuamkia safari, andika kwenye karatasi anwani ya unapolala, kwa maandishi wanayosoma wenyeji wa huko, pamoja na jina la kituo kilicho karibu. Itie mfukoni, mfuko tofauti na wa simu.